Nyota kijana na klabu bahili: asaini mapema, asubiri, au achukue mkataba wa kati?

Ronald Acuña Jr. na Juan Soto waliingia Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani mwaka mmoja, 2018, wakipishana chini ya mwezi. Acuña, kijana wa Venezuela, alianza Aprili akiwa na Atlanta Braves. Soto, kutoka Jamhuri ya Dominika, akafuata Mei akiwa na Washington Nationals. Tuzo ya chipukizi bora wa National League, moja ya nusu mbili za Ligi Kuu hiyo (nyingine ni American League), ilikwenda kwa Acuña, Soto akawa wa pili. Mwaka uliofuata Acuña alisaini miaka 8 kwa dola milioni 100. Soto hakusaini. Mwaka 2022 alikataa hata ofa ya Nationals ya dola milioni 440 kwa miaka 15, na Desemba 2024 New York Mets wakampa milioni 765 kwa miaka hiyohiyo 15.

Kwa namba hizo peke yake mtu atasema Acuña alidhulumiwa. Lakini Acuña amekatika kano za magoti yote mawili, la kulia mwaka 2021 na la kushoto mwaka 2024, na fedha zake za miaka ya mbele hazikuyumba hata kidogo. Swali la nani alichagua vizuri ni gumu kuliko linavyoonekana. Nimeandika ulinganisho huu kwa wanaobishana juu yake, na pia kwa familia ambazo siku moja huenda zikaletewa karatasi ya kusaini. Hilo si jambo la mbali sana na kwetu: Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, na Pittsburgh Pirates wakamsajili mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) David Matoma, naye wa Uganda.

KWA NINI KLABU INAWEZA KULIPA KIDOGO

Aliyezoea soka anajua kwamba mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure. Kwenye besiboli mambo hayako hivyo. Mkataba wa mwaka ukiisha, kijana bado ni wa klabu ileile mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu. Miaka mitatu ya kwanza klabu ndiyo inayopanga mshahara, ilimradi usishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mwaka wa nne hadi wa sita pande mbili zinajadiliana, na zikishindwana suala linapelekwa kwa wasuluhishi. Wachache wenye utumishi mrefu zaidi miongoni mwa walio kati ya miaka miwili na mitatu huruhusiwa kuingia usuluhishi mwaka mmoja mapema; Soto alikuwa mmoja wao. Ikitimia miaka sita, mchezaji anakuwa huru na klabu zote zinaweza kumgombania.

Mfano unaoonyesha vizuri uzito wa kanuni hii ni Mike Trout. Mwaka 2012, akiwa na miaka 20 msimu ulipoanza, alipiga mipira 30 iliyovuka uzio, akaiba besi 49 (yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe), akachaguliwa chipukizi bora kwa kura zote na kushika nafasi ya pili katika tuzo ya Mchezaji Bora. Los Angeles Angels walipopanga mshahara wake wa 2013 waliandika dola 510,000. Kima cha chini mwaka huo kilikuwa 490,000. Yaani msimu ambao wengi waliuita bora kuwahi kuchezwa na chipukizi ulimwongezea dola 20,000 juu ya kile ambacho mgeni yeyote wa ligi angepewa. Wakala wake alisema wazi kwamba hawakubaliani, lakini hakuwa na pa kwenda. Kanuni ilikuwa upande wa klabu.

Hata hesabu ya siku inachezewa. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172, na msimu una siku takriban 187. Ukimchelewesha kijana wiki mbili mwanzoni, unapata mwaka mzima wa ziada wa kummiliki. Chicago Cubs walimwita Kris Bryant Aprili 17, 2015, wakisema alihitaji kwanza kuimarisha ulinzi wake, naye akamaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja pungufu! Malalamiko yake yalikataliwa mwaka 2020. Makubaliano ya 2022 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yamepunguza mwanya huu: chipukizi anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za tuzo anapewa mwaka kamili. Paul Skenes wa Pittsburgh alinufaika hivyo mwaka 2024, ingawa alianza kurusha Mei.

Klabu nazo zina hoja. Kwa kila Trout mmoja wapo vijana wengi waliolipwa fedha za usajili, wakafundishwa, wakalishwa, wakatibiwa kwa miaka katika ligi ndogo na hawakufika popote. Hoja hiyo ninaikubali kwa kijana ambaye bado hajathibitisha lolote. Kwa aliyekwisha kuibeba timu msimu mzima na kujaza viti vya uwanja, siioni tena.

VIGEZO VYA KULINGANISHA

Nimepima njia tatu kwa vigezo vinne: uhakika wa fedha, yaani zinakuja lini na zinaweza kuponyoka vipi, kiwango cha juu ambacho mchezaji anaweza kufikia, nani anabeba hatari ya majeraha na kushuka kiwango, na uhuru wake wa kuamua atacheza wapi, pamoja na uhusiano wake na mwajiri. Nimeacha makusudi kigezo cha "uaminifu kwa klabu". Klabu haikitumii inapomwuza mtu.

NJIA YA KWANZA: MKATABA MREFU WA MAPEMA

Hapa kijana anasaini miaka saba, minane au zaidi kabla ya usuluhishi, wakati mwingine kabla hajacheza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Klabu inapata miaka ya kwanza ya uhuru wa kijana kwa bei ya leo.

Uhakika wa fedha. Hapa hakuna njia inayoishinda hii. Mkataba wa Ligi Kuu unalipwa hata mchezaji akikaa nje. Jon Singleton alisaini na Houston Astros miaka 5 kwa dola milioni 10 mwezi Juni 2014, kabla ya mechi yake ya kwanza, na wapo waliomsema kwamba amejiuza kwa bei ya kutupa. Wastani wake wa kupiga msimu huo ulikuwa .168 (yaani alifaulu kama mara 17 katika kila 100), uliofuata .191, na baada ya 2015 hakuonekana tena Ligi Kuu hadi 2023. Milioni 10 zile angezipata wapi kwa njia nyingine?

Kiwango cha juu. Hapa ndipo inapouma. Ozzie Albies, mwenzake Acuña pale Atlanta, alisaini mwaka huohuo wa 2019 miaka 7 kwa dola milioni 35, na juu yake klabu ikapewa haki ya kumwongeza miaka miwili zaidi kwa milioni 7 kila mwaka. Mchezaji wa kiwango chake akiwa huru hulipwa mara mbili au tatu ya hizo milioni 7 kwa msimu mmoja. Acuña mwenyewe mwaka 2023 alipiga mipira 41 iliyovuka uzio na kuiba besi 73, jambo ambalo hakuna mwingine amewahi kulifanya katika msimu mmoja, akawa Mchezaji Bora wa National League. Mshahara wake mwaka huo ulikuwa milioni 17.

Majeraha na kushuka. Hatari yote iko kwa klabu. Hii ndiyo bidhaa ambayo mchezaji ananunua kwa punguzo analotoa, na wanaomcheka huwa wanaisahau.

Uhuru na uhusiano. Mkataba mrefu unafunga, lakini si lazima ufunge pande zote. Ofa ya kwanza ya klabu huwa na miaka ya nyongeza ambayo uamuzi wake uko kwa klabu peke yake. Kwa Acuña miaka hiyo ni 2027 na 2028, kwa hiyo anaweza kufungwa hadi akaribie miaka 31. Lakini Bobby Witt Jr. alipokubali dola milioni 288.7 kwa miaka 11 na Kansas City Royals mwezi Februari 2024, alipata haki ya kujitoa mwenyewe baada ya msimu wa 2030 na kila msimu unaofuata hadi 2033. Kansas City si klabu tajiri. Iliwezekana kwa sababu mchezaji alidai.

Inamfaa nani. Inamfaa kijana ambaye familia yake inamtegemea leo, aliyesajiliwa kwa fedha kidogo, au ambaye mwili wake umeshampa onyo. Acuña alisajiliwa kwa dola 100,000 tu mwaka 2014. Ukiwa na historia hiyo na karatasi yenye milioni 100 iko mezani, sioni wa kukulaumu.

NJIA YA PILI: MWAKA KWA MWAKA HADI UHURU

Kijana anakataa ofa ndefu, anapokea kile kanuni inachompa kila mwaka, anapita usuluhishi, kisha anaingia sokoni.

Uhakika wa fedha. Miaka mitatu ya kwanza ni ya mshahara mdogo, ingawa tangu 2022 kuna mfuko wa dola milioni 50 kila mwaka unaogawanywa kwa vijana waliofanya vizuri kabla ya kufikia usuluhishi. Mshindi wa tuzo ya Mchezaji Bora au Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) hupata milioni 2.5 kutoka humo, chipukizi bora hupata 750,000. Si haba, lakini bado ni sehemu ndogo ya thamani ya kazi yao.

Kiwango cha juu. Hakuna mpaka. Na hapa nataka msomaji atulie na hesabu, kwa kuwa watu huitaja milioni 765 ya Soto na kusahau kilichotangulia. Katika miaka minne ya usuluhishi, 2021 hadi 2024, Soto alilipwa milioni 8.5, kisha 17.1, kisha 23, kisha 31. Jumla milioni 79.6, kabla hajawa huru. Mkataba wa Acuña kuanzia 2019 hadi mwisho wa 2024 haukufika milioni 60. Kwa hiyo Soto alikuwa ameshampita hata kama asingeonja soko huria. Kwa nyota wa ngazi ile, usuluhishi peke yake una faida kubwa.

Majeraha na kushuka. Hatari yote ni ya mchezaji. Cody Bellinger alikuwa Mchezaji Bora mwaka 2019 na Dodgers wakamlipa milioni 11.5 kwa msimu uliofuata. Akateguka bega wakati wa mechi za mtoano za 2020, kiwango kikaanguka, na Novemba 2022 klabu ikaamua kutompa mkataba mwingine. Klabu inaruhusiwa kufanya hivyo: inakushikilia miaka sita kama inakutaka, na inakuachia siku isipokutaka.

Uhuru na uhusiano. Uhuru unakuja mwishoni, lakini njiani unaweza kuhamishwa bila kuulizwa. Klabu ikishaona kijana hasaini, mara nyingi inamtoa kwa wachezaji wengine kabla hajaondoka bure. Mookie Betts alitolewa na Boston Red Sox Februari 2020, Francisco Lindor na Cleveland Januari 2021, Soto mwenyewe na Nationals Agosti 2022. Ukichagua njia hii usinunue nyumba mapema.

Halafu kuna chumba cha usuluhishi, na ni vizuri kujua kinavyokuwa. Kinakaa kati ya mwisho wa Januari na Februari, kwa kawaida katika hoteli. Wasuluhishi ni watatu. Mchezaji ametaja namba yake, klabu imetaja yake, na wasuluhishi wanachagua mojawapo, hakuna katikati. Kila upande unapewa saa moja ya kueleza na nusu saa ya kujibu. Katika saa ile ya klabu, kijana anakaa kimya akisikiliza mawakili wa mwajiri wake wakieleza udhaifu wake mmoja baada ya mwingine, kisha wiki hiyohiyo au inayofuata anakwenda kambini kuvaa jezi yao.

Corbin Burnes, mrushaji wa Milwaukee Brewers aliyeshinda Cy Young mwaka 2021, aliomba milioni 10.75 kwa msimu wa 2023, klabu ikasema 10.01. Tofauti ni dola 740,000. Burnes alishindwa, akatoka akiwaambia waandishi wa habari kwamba uhusiano umeumia, kwa kuwa klabu ilimtaja kama sababu kubwa ya timu kukosa mechi za mtoano. Mwaka mmoja baadaye aliuzwa kwa Baltimore Orioles. Nimefuatilia kisa hiki kwa muda na bado sielewi klabu ilipata nini. Kwa fedha zile walipoteza imani ya mrushaji wao bora.

Lakini fuata kisa mpaka mwisho. Desemba 2024 Burnes, akiwa huru, alisaini na Arizona Diamondbacks miaka 6 kwa milioni 210. Miezi michache baadaye, Juni 2025, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kiwiko. Kiwiko kile kingeachia mwaka mmoja kabla, sidhani kama milioni 210 zingekuwepo. Mvumilivu hula mbivu, lakini kwa warushaji uvumilivu una bei.

Inamfaa nani. Inamfaa mpigaji kijana sana, mwenye afya, aliyeanza mapema kiasi cha kuwa huru akiwa na miaka 26 au 27, na ambaye nyumbani hawangoji fedha zake. Soto alikuwa amesajiliwa kwa milioni 1.5. Vladimir Guerrero Jr. ni mtoto wa mchezaji aliyeingia Ukumbi wa Heshima. Mwaka 2024 aliweza kwenda kwenye usuluhishi dhidi ya Toronto Blue Jays, akashinda milioni 19.9, akakataa ofa zilizofuata, na Aprili 2025 klabu ileile ikampa milioni 500 kwa miaka 14. Kusubiri kwa namna hiyo ni rahisi zaidi kwa asiyedaiwa.

NJIA YA TATU: MKATABA WA KATI

Hii haizungumzwi sana. Mchezaji anasaini miaka miwili au mitatu inayofunika usuluhishi peke yake, bila kuuza mwaka hata mmoja wa uhuru wake. Au anauza michache tu.

Uhakika wa fedha. Wa wastani. Bo Bichette, mwenzake Guerrero pale Toronto na yeye pia mtoto wa mchezaji wa zamani, alisaini Februari 2023 miaka 3 kwa milioni 33.6. Mwaka 2024 majeraha yalimwandama na wastani wake ukashuka hadi .225. Mshahara wake wa 2025 ulikuwa umeshaandikwa tayari.

Kiwango cha juu. Kinabaki wazi, ila unaweza kujutia ile miaka michache. Shohei Ohtani alisaini na Angels milioni 8.5 kwa misimu ya 2021 na 2022. Mwaka 2021 akawa Mchezaji Bora wa American League, kurusha na kupiga kwa pamoja, kwa mshahara wa milioni 3. Lakini kwa kuwa uhuru wake haukuguswa, alipata milioni 30 kwa mwaka 2023, na Desemba hiyo Dodgers wakamsaini kwa milioni 700, miaka 10.

Majeraha na kushuka. Pande mbili zinagawana.

Uhuru na uhusiano. Unaepuka chumba cha usuluhishi, na hilo peke yake ni faida kwa mtu mwenye moyo mwepesi kuumia. Bado unaweza kuhamishwa. Trout alichukua sura nyingine ya njia hii mwaka 2014: milioni 144.5 kwa miaka 6, akiuza miaka mitatu ya uhuru lakini akihakikisha angeingia sokoni akiwa na miaka 29. Hakuingia sokoni kabisa. Mwaka 2019 Angels walimwongeza hadi kufika milioni 426.5 kwa miaka 12.

Inamfaa nani. Aliyekaribia usuluhishi, anayeamini kiwango chake kitapanda, lakini anataka kwanza fedha ya kutuliza nyumba.

NA KUGOMA JE?

Watu huuliza kwa nini kijana asikatae tu kucheza. Ilishajaribiwa. Vida Blue, mrushaji wa Oakland Athletics, mwaka 1971, akiwa na miaka 22, alishinda mechi 24, akapata Cy Young na Mchezaji Bora kwa pamoja, kwa mshahara wa dola 14,750. Aliomba 92,500. Mmiliki, Charles Finley, akasema 50,000 na hakusogea. Blue akatangaza kwamba anaacha besiboli na kwenda kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya bafuni. Alirudi Mei 1972 kwa jumla ya dola 63,000, akashinda mechi 6 na kupoteza 10. Wakati ule hakukuwa na mchezaji huru wala usuluhishi. Leo anayekaa nje halipwi na siku zake za utumishi hazihesabiwi, kwa hiyo anauchelewesha uhuru wake mwenyewe. Sijaiweka katika ulinganisho kwa sababu hiyo.

Ipo pia njia ya kuuza asilimia ya mapato ya baadaye kwa kampuni ya uwekezaji, ukiwa bado ligi ndogo. Fernando Tatis Jr. aliuza hivyo akiwa kijana, kisha akasaini milioni 340 na San Diego Padres mwaka 2021, na mwaka 2025 akaishtaki kampuni husika mahakamani. Anayefikiria njia hii aifikirie baada ya zote tatu kushindikana.

KWA HALI YAKO

Kama ni mrushaji, egemea mapema kuliko mpigaji angeegemea. Kiwiko na bega havitoi notisi. Mrushaji anayesubiri miaka sita kamili awe na bima nzuri ya ulemavu, na familia isiyotegemea mshahara wa mwaka huu.

Kama hujacheza Ligi Kuu na klabu imeleta ofa, tazama miaka ya nyongeza kabla ya kutazama jumla ya fedha. Jackson Chourio alisaini na Brewers milioni 82 kwa miaka 8 Desemba 2023, kabla ya mechi yake ya kwanza. Kiasi hicho ni kikubwa kwa ambaye hajathibitishwa. Lakini kila mwaka ambao klabu peke yake ina haki ya kuuongeza ni mwaka wako wa soko unaotoka bure. Dai upungue, au dai haki ya kujitoa kama ya Witt.

Kama umeshakuwa nyota na una miaka 22 au 23, ofa ya klabu ipime kwa kuilinganisha na usuluhishi wa miaka mitatu au minne, usiilinganishe na mshahara wako wa sasa. Mshahara wa sasa umepangwa na kanuni kuwa mdogo, na klabu inajua kwamba chochote kitaonekana kikubwa ukikiweka karibu nao.

Kama uko klabu ambayo kwa desturi huwauza nyota wake, na unapapenda unapoishi, kusubiri hakutakubakisha. Ni mkataba wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa ndio unaoweza, na kifungu hicho lazima kiandikwe, kisibaki kwenye mazungumzo ya ofisini.

Na anayeamua karibuni aangalie pia kalenda. Makubaliano ya sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yanakwisha Desemba 1, 2026. Mfuko wa milioni 50 na kanuni ya mwaka kamili kwa chipukizi bora vimo ndani ya makubaliano hayo. Aliyesaini mkataba mrefu kabla ya tarehe hiyo ana namba zake zilizokwisha kuandikwa. Anayekwenda mwaka kwa mwaka atafuata kile kitakachojadiliwa mezani, kikiwa bora kuliko cha leo au pungufu yake.